Wachuuzi wa Uluguru na Safari ya Mazao Kwenda Dar es Salaam

Mchuuzi wa mazao wa Uluguru, kwa sura aliyokuwa nayo tangu reli ifike Morogoro, ni baba wa familia mwenye shamba dogo mlimani, mtaji mdogo mfukoni na wateja mjini. Hununua ndizi, kabichi, njegere au mananasi kwa jirani zake, huchanganya na ya shambani kwake, huyapeleka Morogoro au Dar es Salaam, huyauza kwa siku moja au mbili, kisha hurudi nyumbani kushika jembe. Hakuna serikali iliyoianzisha kazi hii, ingawa kila serikali iliyotawala Morogoro ilijaribu kuipanga upya. Sababu kubwa ya kudumu kwake imo ndani ya tenga lenyewe: zao linalooza halingoji ghala, karani wala kikao cha bodi. Anayeweza kuliuza ni yule aliye tayari kuondoka nalo usiku huohuo.

Milima yenyewe huanza nyuma ya nyumba za mji wa Morogoro. Kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kinatazama mji moja kwa moja. Bondwa hutambulika kwa minara yake ya mawasiliano. Na kusini zaidi Kimhandu hupita mita 2,600. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hugota upande wa mashariki, ndiyo maana Kinole, Mkuyuni, Matombo na Tawa hupata mvua nyingi na kustawisha migomba, mananasi, machungwa, mafenesi, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Upande wa magharibi uko Mgeta, pamoja na Langali, Nyandira, Bunduki na Tchenzema, ambako baridi huruhusu kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere, pichi na plamu. Kwa hiyo tangu zamani kumekuwa na wachuuzi wa aina mbili, wa matunda na viungo kutoka mashariki na wa mboga kutoka Mgeta.

Ardhi ya Waluguru huongozwa na ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na mashamba ya ukoo hupita katika mkondo huohuo. Mwanamume aliyeoa alilima aghalabu kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, au ile aliyopata kwa wajomba zake, na katika hali zote mbili hakuwa na uhuru wa kuwakatia wanawe mwenyewe kipande cha ardhi ya ukoo wake. Mashamba nayo yalikuwa vipande vidogo vilivyotawanyika kwenye miteremko, na watu walizidi kuongezeka. Fedha ya mauzo haikufungwa na taratibu hizo. Kwa fedha hiyo baba aliweza kulipa karo, kununua mabati, kuwavisha watoto na kumsaidia kijana kuoa, bila kumwomba mkubwa wa ukoo ruhusa. Anayetafuta kwa nini wanaume wengi wa Uluguru walishika uchuuzi aanzie hapo, kabla hajafika kwenye bei za sokoni.

Kuuza chakula kwa wageni kulianza kabla ya fedha ya sarafu kuenea. Katikati ya karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilipita chini ya milima ikielekea bara au ikirudi pwani, na mji wenye ukuta uliojengwa na Kisabengo, karibu na mahali ilipo Morogoro ya leo, ulikuwa kituo cha mapumziko na cha kununua posho. Msafiri Stanley aliuona mwaka 1871, wakati huo ukitawaliwa na Simbamwene, binti wa Kisabengo. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta mafuriko yamebomoa sehemu ya ukuta na kuzoa nyumba. Wapagazi wa misafara walihitaji kula kila siku, na watu wa bondeni na wa milimani walibadilishana nao nafaka, ndizi na kuku kwa nguo, shanga na chumvi.

Kodi ya nyumba iliyotangazwa na Wajerumani mwaka 1897 ndiyo iliyomlazimisha kila mwenye nyumba atafute rupia. Njia ya kwanza ilikuwa kibarua: mashamba ya mkonge ya Kingolwira, Mikese, Ngerengere na Kilosa, au machimbo ya ulanga katika milima yenyewe. Njia ya pili ilikuwa kuuza mavuno. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Morogoro katika miaka ya 1880, pamoja na walowezi waliopenda baridi ya Mgeta, walileta mbegu za mboga za Ulaya kwa ajili ya meza zao. Wenyeji waliokuwa wakiwalimia bustani walizichukua mbegu hizo na ujuzi wake. Kwa muda mrefu kabichi na karoti hazikuwa chakula cha Mluguru. Zilikuwa mali ya kuuza, na zilimfundisha kulima kwa kumfikiria mlaji asiyemjua.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro 1907. Safari ya wiki nzima kwa miguu hadi pwani ikawa ya saa kadhaa, na kwa mara ya kwanza ndizi mbivu ya Kinole iliweza kufika Dar es Salaam ikiwa bado ndizi. Biashara hiyo changa ilikatwa na vita. Mwezi Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akarudi nyuma kupitia pande zote mbili za milima kuelekea Kisaki. Majeshi yote mawili yalikula mashamba ya watu na kuwachukua wanaume kubeba mizigo. Jina la Kariakoo, soko ambalo baadaye lingekuwa shabaha ya kila mchuuzi wa Uluguru, limetokana na kikosi hichohicho cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza, kilichoacha jina lake kwenye viwanja ilipokuwa kambi yake Dar es Salaam.

Chini ya Waingereza biashara ilipata umbo lake. Mkulima wa Mgeta alipanga mboga kwenye tenga la matete, akajitwika kichwani na kuteremka njia za mawe hadi barabarani au hadi Morogoro mjini, mwendo uliochukua sehemu kubwa ya siku. Wengine waliuza hapohapo kwa wenye maduka na mahoteli. Waliothubutu zaidi walipanda treni na baadaye lori, wakalala Kariakoo kwa ndugu. Kufikia sensa ya 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu karibu 129,000, na Waluguru walikuwa miongoni mwa makabila yenye watu wengi mjini humo. Ndugu hao wa mjini walikuwa nguzo ya biashara. Walitoa mahali pa kulala, habari ya bei, na jina la mnunuzi asiyetoroka na mali ya watu.

Mtaji ulikuwa tatizo gumu kuliko njia. Sheria za kikoloni za kuwawekea wenyeji mipaka ya mikopo, zilizotungwa katika miaka ya 1920 na 1930, zilimfanya mwenye duka aogope kumkopesha Mwafrika, kwa kuwa deni lisilo na kibali halikudaiwa mahakamani. Watunga sheria walisema ni kwa ajili ya kuwalinda wenyeji wasizame katika madeni. Kwa mchuuzi maana yake ilikuwa kwamba atafanya biashara kwa kile alichonacho tu, au kwa kuaminiana na watu wa kwao. Desturi ya mali kauli, ambapo mwenye shamba hutoa mzigo kwa neno na kulipwa mchuuzi akirudi, ilikuwa benki ya watu ambao benki haikuwajua.

Nguvu ya soko katika maisha ya milimani ilionekana wazi kwenye mzozo wa matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ikihofia mmomonyoko wa udongo na tope katika mto Ruvu, ambao hulisha Dar es Salaam kwa maji. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Upande wa mashariki, ambako walilima mahindi, mpunga wa milimani na muhogo bila kumwagilia, kazi ilikuwa nzito na faida haikuonekana. Udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba juu ya ardhi. Ukikata ngazi, udongo tasa wa chini hutokeza juu na mavuno ya mwaka ule hupungua. Wanawake, ambao walibeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba, walilalamika sawa na wanaume. Mwezi Julai 1955 mkutano wa hadhara Matombo uligeuka ghasia, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Wakati huohuo wakulima wa mboga wa Mgeta walikuwa wakichimba matuta ya ngazi kwa hiari, na kuyatunza. Walivuta maji kwa mifereji midogo kutoka vijito vya msitu, wakatia samadi, wakavuna zaidi ya mara moja kwa mwaka. Tuta lao lililipa gharama yake kwa sababu juu yake kulikuwa na kabichi iliyosubiriwa Dar es Salaam. Mabwana shamba wa kikoloni waliona tofauti hiyo kwa macho yao na bado wengine wao waliwaita watu wa Matombo wabishi. Ilikuwa hukumu ya uonevu. Mkulima wa Matombo na yule wa Mgeta walipiga hesabu ileile ya jasho na mapato, na kila mmoja alipata jibu sahihi kwa shamba lake.

Chama cha TANU, kilichozaliwa 1954, kilipata wafuasi wengi katika hasira hizo. Patrick Kunambi, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa chama hicho, alitoka Uluguru. Baada ya uhuru serikali ilikusudia kuondoa walanguzi kati ya mkulima na mlaji. Bodi ya Taifa ya Mazao ya Kilimo iliundwa 1963, na vyama vya ushirika vikawa mnunuzi wa nafaka na mazao ya biashara. Baadaye kazi ya nafaka ikaenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kabisa. Mkulima wa mahindi au pamba alikuwa na mnunuzi mmoja kisheria, na mara nyingi alingoja malipo kwa miezi. Mboga na matunda havikuweza kupita mlango huo. Hakuna karani aliyeweza kupokea magunia ya njegere Nyandira, kuandika stakabadhi, kusubiri lori la shirika, na njegere zikabaki mbichi.

Jaribio la karibu zaidi la kuiweka biashara ya mboga chini ya dola lilifanyika mwisho wa safari, mjini. Shirika la Masoko ya Kariakoo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na jengo jipya la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli kwa mapaa ya zege yaliyofunguka kama miavuli, lilizinduliwa 1975. Shirika lilipewa dhamana ya kusimamia uuzaji wa jumla. Wachuuzi waliingia humo, wakalipa ushuru, wakajifunza kuishi na madalali wa soko, na wengine wakaendelea kuteremsha matenga alfajiri pembeni ya mji kwa wenye magenge wa mitaani.

Miaka migumu ilikuja baada ya Vita vya Kagera. Mafuta yaliadimika, malori yalikosa matairi, na mzigo uliweza kuozea Langali kwa kukosa gari. Vizuizi vya barabarani vilikagua mahindi na mchele uliovuka mkoa, na mchuuzi mwenye gunia la mchele chini ya ndizi alijua la kumpata. Mwaka 1983 ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, ikafuatwa na operesheni ya Nguvu Kazi iliyowakamata mjini watu walioonekana hawana kazi rasmi na kuwapeleka vijijini. Mchuuzi aliyekuja na mzigo wake aliweza kuhesabiwa mzururaji. Hapo kuna dhuluma ambayo haijaandikwa vya kutosha, kwa maana watu haohao ndio waliokuwa wakiulisha mji wakati maduka ya serikali yalikuwa na rafu tupu.

Kuanzia 1984 masharti yalilegezwa, na katika miaka michache iliyofuata vizuizi vya kusafirisha chakula viliondolewa. Barabara ya lami kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, kama kilomita 190, ilijaa malori tena. Mtafiti wa Kiholanzi Jan Kees van Donge, aliyewafuatilia Waluguru kutoka Mgeta hadi mjini, alichapisha mwaka 1992 katika jarida la African Affairs makala juu ya wachuuzi hawa wa Dar es Salaam. Sura inayojitokeza ni ya watu wanaosafiri pamoja, wanaolala pamoja na kupeana habari, lakini kila mmoja akishika fedha yake na mzigo wake. Kampuni za ubia zilikuwa chache. Hilo huwashangaza wanaodhani undugu ni mtaji tosha. Kwa kweli undugu uliwapa mahali pa kuanguka salama. Hasara ya tenga lililooza ilibaki kwa mwenye tenga, na haikuvunja undugu kwa sababu haikugawanywa.

Siku ya kazi yenyewe ilikuwa, na kwa sehemu kubwa bado ni, hivi. Mchuuzi hupita mashambani kupatana bei, mara nyingine zao likiwa bado changa. Siku ya soko wakulima hushuka na mizigo kichwani au kwa bodaboda. Magunia hushonwa, hupakiwa kwenye kenta au fuso jioni, na gari hushuka mlima usiku ili lifike Dar es Salaam kabla ya alfajiri. Sokoni dalali hupokea, humtafuta mnunuzi na kukata kamisheni yake. Wenye magenge hununua na kwenda kuuza kwa mafungu uswahilini. Saa nne asubuhi bei imekwisha shuka. Mchuuzi hukokotoa nauli ya mzigo, ushuru, wapagazi, dalali na chakula chake. Kinachobaki humrudia mkulima wa mali kauli kwanza, kisha mke na watoto. Masoko ya mjini yamegawana mizigo: ndizi zina Mabibo, mahali panapojulikana kama Mahakama ya Ndizi, na mboga huenda pia Ilala na Temeke.

Mke hukaa nyuma na shamba, na shamba aghalabu ni la ukoo wake. Hupalilia, humwagilia, huajiri vibarua na kuamua lini kuvuna mume akiwa safarini. Wanawake wengi huchuuza wenyewe, hasa katika masoko ya Morogoro mjini, ambako wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Baba anayesafiri mara mbili kwa wiki hawaoni watoto wake sana, na familia nyingi za milimani zimelelewa na mama na bibi kwa fedha iliyotoka Kariakoo. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, sehemu ya fedha hiyo hufika nyumbani kabla ya mwenyewe. Simu ilileta pia bei ya asubuhi mpaka shambani, na kumpunguzia mchuuzi faida aliyoipata zamani kwa kuwa peke yake aliyejua habari za mjini.

Wakulima nao walijipanga. Mwaka 1993 ulizaliwa Morogoro, kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mtandao wa vikundi vya wakulima uitwao MVIWATA, ambao baadaye ulisimamia ujenzi wa masoko ya vijijini, yakiwemo ya Nyandira, Tawa na Tandai. Soko lenye paa, mizani na uongozi wa kuchaguliwa lilimpa mkulima mahali pa kukutana na wanunuzi wengi badala ya mmoja. Ugomvi wa lumbesa haukuisha hata hivyo. Gunia linaloongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba huhesabiwa gunia moja, na ziada yote hutoka jashoni mwa mkulima. Sheria ya vipimo hulikataza, Wakala wa Vipimo hulipiga marufuku mwaka hata mwaka, na bado hupita barabarani mchana kweupe kwa kuwa nauli hutozwa kwa gunia.

Mboga zilileta pia muuzaji wa upande wa pili, mwenye duka la pembejeo. Kabichi na nyanya haziendi bila mbegu za kununua, mbolea na viuatilifu, na Morogoro ni makao ya taasisi mbili zinazogusa kazi hiyo moja kwa moja: Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu Tanzania na Wakala wa Mbegu za Kilimo. Nyanya za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Arusha mwaka 1997, zilipandishwa hadi milimani na wauzaji wa namna hii. Muuzaji mwema wa pembejeo hufanya kazi ya bwana shamba bila mshahara wa serikali: huulizwa dawa ya ukungu, kiasi cha maji kwenye bomba, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Asiye mwema hupima dawa kwa kifuniko cha chupa bila lebo. Sheria inamtaka awe na mafunzo na kibali, na kwa afya ya mlaji na ya maji ya Ruvu hilo si urasimu.

Mjini Morogoro soko kuu la zamani lilibomolewa, na jipya la ghorofa lilizinduliwa na Rais John Magufuli Februari 2021 kwa jina la Chifu Kingalu, cheo cha watawala wa Kinole waliosifika kwa kuomba mvua. Mwezi Julai mwaka huohuo soko la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara wake wakatawanywa katika masoko mengine ya jiji. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kwa muda usiofika saa mbili. Kabichi bado hushuka kwa lori. Wakati wa masika barabara ya Mgeta huteleza, magari hukwama kwenye kona za juu ya Mzumbe, na matenga hushushwa na kuvushwa kichwani hadi ng'ambo ya tope, ambako gari jingine husubiri likiwa limewasha taa.